Zanzibar ina tamasha la filamu tangu 1998. Mbona filamu zenyewe bado zinapikwa Dar?

#1 Mwana wa Kikwajuni

Wakuu, salaam.

Kuna jambo linanikera muda mrefu, naomba tulijadili kwa hoja.

ZIFF, tamasha letu la filamu la kimataifa, ilianzishwa 1997, tamasha la kwanza likafanyika 1998. Ngome Kongwe inajaa, wageni wanatoka kila bara, tuzo ya Jahazi la Dhahabu inatolewa, watu wanapiga picha Forodhani. Viti vikishakunjwa, kijana wa Unguja mwenye skripti yake anarudi nayo nyumbani kama alivyokuja nayo.

Chukueni filamu ya Vuta N'kuvute. Imetokana na riwaya ya Adam Shafi, mtu wa hapa. Hadithi ni ya Unguja ya miaka ya 1950, picha zimepigwa Mji Mkongwe. 2021 ikaoneshwa kwenye tamasha la Toronto, 2022 ikateuliwa kuiwakilisha Tanzania kwenye mbio za Oscar, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu filamu ya Maangamizi mwaka 2001. Nimejivunia kwa dhati. Lakini mwongozaji Amil Shivji na kampuni yake wako Dar. Na tamthilia nyingi zenye "mandhari ya pwani" ni hivyo hivyo: sisi tunakodisha nyumba, tunapika chakula cha seti, tunapita nyuma ya staa. Uhariri, sauti, mkataba na runinga, vyote ng'ambo.

Mimi nasema sababu ni moja, mnunuzi. Enzi za VCD msambazaji alikuwa Kariakoo. Siku hizi wanaolipa tamthilia ni Azam na DStv, na ofisi za kufanya nao biashara ziko Dar. Tuletewe kamera mia moja, bila mnunuzi upande huu zitapiga harusi tu.

Anayepinga aje.

#2 Fundi Maiki

Mkuu, mnunuzi ni sehemu tu. Mimi ni mtu wa sauti, nipo Dar, na Mji Mkongwe nimefanya kazi.

Ule uchochoro ni mzuri kwa jicho, kwa sikio ni mtihani. Umewaweka waigizaji wawili barazani, mazungumzo ya siri, sauti za chini. Adhana inaanza msikiti wa kwanza, kabla haijaisha imepokelewa na wa pili, na wa tatu. Hiyo ni ibada ya watu, unasubiri kwa adabu. Ikiisha inapita vespa. Vespa ikipotea kona, linatokea kundi la watalii na kiongozi wao anawaeleza habari za milango kwa Kijerumani. Mwanga nao unakwenda.

Kama hadithi ni ya zamani ndiyo zaidi. Nyaya za umeme zimetapakaa ukutani, madishi juu ya mapaa, viyoyozi. Vingine unaficha kwa kanga ya kuanikwa au pakacha, vingine lazima vifutwe baadaye kwenye kompyuta, na mtu wa kuvifuta hakai Unguja. Taa ikifa saa nne usiku, fundi wake hakai Unguja. Mshika maiki akiugua, wa kushika nafasi yake anasubiri boti ya asubuhi.

Mji wa filamu ni mafundi. Dar ilikuwa na filamu mbovu kwa miaka mingi, lakini kila filamu mbovu ilizalisha mtu mmoja anayejua kuvuta waya vizuri.

#3 Mtoto wa Chake

Naunga mkono #2 ila naongeza alichokiruka. Watu wenye kamera Unguja wapo tele, tena kamera nzuri kushinda za Bongo Movie. Nenda Nungwi, nenda Paje. Wanarusha droni juu ya hoteli, wanapiga harusi za wageni ufukweni. Mwenye hoteli analipa kazi ikikamilika, pengine kwa dola. Sasa mwambie kijana huyo aje kwenye filamu yako, malipo "ikiuzwa".

Utalii ndio unaokula watu wetu wa filamu. Hata nyumba: mwenye nyumba Shangani akisikia "sinema" anakutajia bei ya chumba cha mtalii mara idadi ya vyumba vyote.

#4 Barazani Tu

Mnazunguka mbuyu. Sababu ni kwamba hatuna tena majumba ya sinema. Ukumbi wa Majestic uliungua, watu wakaacha utamaduni wa kukaa pamoja kuangalia picha. Bila watazamaji hakuna filamu.

#5 Mzee wa Vuga

Barazani Tu, mwanangu, iliyoungua ni Royal. Majestic ulijengwa hapo hapo baada ya Royal kuungua, ukafunguliwa 1955. Wenyewe haujaungua, umechakaa. Na kuna jumuiya, Hifadhi Zanzibar, inayohangaika urudi kuwa ukumbi wa sinema. Tuwaombee.

Nilikuwa naingia pale kijana. Picha za Kihindi zilikuwa zinajaza hadi watu wanauziana tiketi nje, akina mama wanatoka macho mekundu kwa kulia, na nyimbo zinaimbwa mtaani wiki nzima na watu wasiojua neno hata moja la Kihindi. Kwa hiyo msiseme Mzanzibari hapendi picha.

Na wewe mwenye uzi, hoja yako ya mnunuzi ina tundu. Televisheni ya rangi ilifika Unguja mwanzoni mwa miaka ya 1970, ya kwanza Afrika kusini mwa Sahara. Bara walisubiri hadi 1994. Miaka ishirini tulikuwa na kituo chetu sisi peke yetu katika nchi hii, michezo ya kuigiza ilipigwa, watu walikusanyika kwenye runinga ya jirani. Mnunuzi alikuwapo, tena wa serikali. Mbona viwanda vya filamu havikuota hapo?

#6 Mwana wa Kikwajuni

Mzee wangu shikamoo, na asante kwa historia. Nakujibu hivi: kituo cha serikali kilikuwa na wafanyakazi wake wa mshahara. Hakikununua kazi kwa kijana wa mtaani, kiliitengeneza chenyewe. Kariakoo ilikuwa tofauti. Pale mtu kama Steps Entertainment anakupa pesa za kupigia picha, anachukua kazi, anachapa VCD, anasambaza nchi nzima. Ulikuwa mkopo mkali na haki zako zilipotea humo, lakini ulizalisha watayarishaji wengi kwa muda mfupi.

#7 Ngosha wa Igoma

Nyie Waunguja mnalalamika mkiwa na bahari, ngome na tamasha. Sisi Mwanza tuna Jiwe la Bismarck na sato 😄

Serious sasa. Sensa ya 2022: Zanzibar yote, Unguja na Pemba, watu 1,889,773. Dar peke yake 5,383,728. Nchi nzima 61,741,120. Hata kila Mzanzibari akinunua filamu yako, bado unahitaji Bara. Biashara inakaa penye watu, hakuna muujiza.

#8 Naija Fan

@Ngosha wa Igoma, nakupinga kwa neno moja: Asaba.

Kila mtu anajua Lagos. Lakini picha nyingi za Kinaijeria tulizoziangalia kwenye vibanda umiza zilipigwa Asaba, makao makuu ya jimbo la Delta. Ukiuweka pembeni ya Lagos, Asaba ni mji mdogo. Kwa nini pale? Kwa sababu ng'ambo ya daraja la mto Niger iko Onitsha, na Onitsha kuna soko kubwa ambalo wauzaji wa kanda walikuwa na maduka yao. Mtu anatoa pesa asubuhi dukani, anavuka daraja, anakagua kazi yake jioni. Hoteli za Asaba zilikuwa rahisi, barabara hazina foleni ya Lagos, nyumba kubwa za kifahari zinakodishwa kwa bei ya kuongea. Waigizaji wakahamia huko.

Kwa hiyo mji mdogo unaweza, ilimradi soko liwe jirani. Unguja na Kariakoo ni saa mbili za boti. Hilo ndilo daraja lenu. Mbona hamlitumii?

#9 Fundi Maiki

Daraja halikatiwi tiketi, mkuu. Na mizigo ya taa na jenereta kwenye boti siyo begi la mgongoni. Unapakia bandarini Dar, unashusha Malindi ya Unguja, unakaguliwa, unapakia tena gari. Kamera mnaipakata kama mtoto mchanga njia nzima kwa sababu ya maji ya chumvi. Siku yenye kusi kali nusu ya timu inashuka haijiwezi, siku hiyo hampigi picha.

#10 Wakili Mtaani

Wote mmeruka la kisheria. Utamaduni si jambo la Muungano. Bara kuna Bodi ya Filamu, msingi wake ni Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya 1976. Zanzibar kuna Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni, BASSFU, lenye sheria yake ya 2015. Filamu moja yenye onesho la Kisutu na onesho la Malindi inaingia kwenye mikono miwili: maombi mawili, skripti inasomwa mara mbili, ada mbili. Mji Mkongwe nao umo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2000, ukitaka kugusa ukuta kuna mamlaka nyingine ya kuiuliza.

Nimemsaidia mtayarishaji mmoja kufuatilia kibali. Ofisi moja ilitaka barua ya ofisi ya pili, ya pili ikataka kibali cha ya kwanza. Mvua za masika zikaingia, hadithi ilikuwa ya kiangazi. Mradi ukafa hapo.

Sisemi vibali vifutwe. Urithi ulindwe, jumba la Beit el-Ajaib tuliliona lilivyoporomoka Desemba 2020. Ila dirisha liwe moja.

#11 Mtoto wa Chake

Wakili, vibali viwili vinamkwaza anayetoka Bara. Mzanzibari anayepiga picha Zanzibar anahitaji cha hapa tu. Hiyo ingekuwa faida yetu, na bado hatupigi. Tafuta sababu nyingine.

#12 Bint Jang'ombe

Naona kaka zangu mmeongea soko, boti, barua. Ngojeni niseme mimi ninayeigiza.

Unguja ni ndogo. Ukionekana kwenye runinga leo usiku, kesho asubuhi muuza mkate anakuuliza yule mwanamme ni nani. Mimi nilipopata sehemu ya mke, walioulizwa ni baba, ami na kaka zangu, kabla yangu. Baba alitaka kujua nitakaa naye chumba kimoja, mlango utafungwa, nitavaa nini. Mwongozaji alikuwa na busara, akaja nyumbani, akakaa mkekani, akaeleza onesho kwa onesho. Mlango ukabaki wazi kwenye hadithi, mume anazungumza akiwa ukumbini na mimi niko ndani. Onesho likawa zuri kuliko lilivyoandikwa. Baba siku hizi ndiye anayewaita majirani waje kuangalia.

Lakini wangapi wana mwongozaji wa kuja kukaa mkekani? Mtu anashuka na boti, ana skripti ya Dar, anataka nguo za Dar, akikataliwa anasema "Zanzibar hakuna waigizaji wa kike", anarudi kuchukua msichana wa Sinza afundishwe kusema kama sisi. Lafudhi mnaisikia wenyewe.

#13 Mzee wa Vuga

Ahsante mwanangu. Hili la #12 ndilo, mengine yote yanafuata.

#14 Mkaazi wa Likoni

Salamu kutoka Mombasa. Dada wa #12 nakuheshimu, lakini huku kwetu ni Waswahili wale wale, dini ile ile, ami wale wale 🙂 na bado mambo yalienda. Rashid Abdalla na Lulu Hassan na kampuni yao ya Jiffy Pictures walituletea tamthilia ya Sultana, hadithi ya pwani, Kiswahili cha pwani, na Wakenya wa bara wakakaa kuiangalia runinga ya Citizen kila jioni. Wasichana wa pwani wameigiza kwa buibui na leso zao, hakuna aliyevuliwa heshima.

Tofauti ilikuwa nani anaandika. Aliyeandika anaijua nyumba ya Kiswahili, kwa hivyo hakuna wa kugombana na baba wa mtu.

#15 Mwana wa Kikwajuni

@Mkaazi wa Likoni, na ona kilichokuwepo nyuma yake: runinga iliyolipa kila kipindi. Tumerudi kwenye #1.

#16 Mkaazi wa Likoni

Runinga yenyewe iko Nairobi ndugu yangu, kilomita karibu mia tano kutoka baharini. Sasa hapo hoja yako inasimama ama inaanguka?

#17 Pangani Kwetu

Ngosha anataja idadi ya watu, Naija Fan anataja soko. Mimi nawatajia Pangani, mji ambao ukitembea dakika chache umeumaliza. Shirika la UZIKWASA liko pale, wana redio yao Pangani FM, na wametengeneza filamu. Aisha ya 2015 aliiongoza Chande Omar, walioigiza ni watu wa Pangani, ikaenda kushinda tuzo ZIFF huko huko Ngome Kongwe kwenu. Mambo yanayosemwa ndani yake, ukatili kwa wanawake na jinsi mji mzima unavyonyamaza, yalitoka kwenye vikao na wanavijiji wenyewe. Hakuna msambazaji, hakuna boti ya saa mbili.

#18 Naija Fan

Hiyo ni pesa ya wafadhili, mkuu. Filamu nzuri, naikubali, ila mfadhili akiondoka kinabaki nini? Tasnia inajilisha yenyewe.

#19 Pangani Kwetu

Kinabaki watu. Mtu aliyejifunza kuigiza mbele ya kamera hanyang'anywi mfadhili akiondoka. Na Bagamoyo ni hivyo hivyo: chuo cha sanaa kipo tangu 1981, siku hizi TaSUBa, na tamthilia ya Siri ya Mtungi ilipokuja kupigwa Bagamoyo ilikuta watu wamefundishwa tayari. Ile nayo ilikuwa na ufadhili, na mpaka leo watu wanaitaja kama kipimo cha tamthilia.

#20 Twiga Chuga

Arusha tuna cha kushinda chenu. Filamu ya Hatari! ya John Wayne ilipigwa kwetu.

#21 Barazani Tu

Si ilipigwa Kenya ile?

#22 Twiga Chuga

Hapana. Mwongozaji Howard Hawks aliipigia Tanganyika, ikatoka 1962. Mwigizaji wa Kijerumani Hardy Krüger alipapenda Momella, chini ya Mlima Meru, akanunua shamba akaishi pale miaka.

Na ndiyo nilichotaka kusema: Hollywood ilikuja kwetu zaidi ya miaka sitini iliyopita, ikaondoka, na hatukupata hata kitengo cha taa. Mandhari hayajengi tasnia. Wazanzibari acheni kuutegemea Mji Mkongwe, wageni watakuja kupiga na kuondoka vile vile.

#23 Goma Kwetu

Bandugu, jambo. Sisi wa Goma tunasoma uzi huu kwa hamu. Kwetu hakukuwa mnunuzi, hakukuwa bahari, vita ndiyo ilikuwa. Petna Ndaliko Katondolo na Yole!Africa walianza na vijana: warsha za kamera, kucheza dansi, kuandika, kisha wakaweka na tamasha la filamu. Vijana wa pale walitaka kuonesha mji wao wenyewe, maana picha za Goma ulimwenguni zilikuwa zinapigwa na wageni, daima kambi na askari.

Tangu mji uchukuliwe na waasi wa M23 Januari 2025, mengi yamevurugika na wenzetu wengi wametawanyika. Lakini waliojifunza, popote walipo wanapiga picha. Kwa hiyo mimi niko na #19. Anza na watu.

#24 Mwana wa Kikwajuni

Goma Kwetu, poleni sana, Mungu awarudishie amani.

#25 Maskati Bado Nyumbani

Nami niko Maskati, wazee wetu wametoka Unguja na Pemba. Huku nyumba nyingi Kiswahili bado kinasemwa jikoni, na watu wanatafuta michezo ya Kizanzibari YouTube kila Ijumaa baada ya chakula. Mama yangu akisikia lafudhi ya Makunduchi ananyanyuka kitini kucheka.

@Mwana wa Kikwajuni unasema mnunuzi yuko Dar tu. Sisi je? Watazamaji wako Maskati, Dubai, London, Toronto. Tatizo ni sauti mbovu, picha inakatika, sehemu ya kwanza inatoka Ramadhani, ya pili haijulikani lini. Nitalipia nini wakati hadithi haimalizwi?

#26 Fundi Maiki

"Sauti mbovu." Nimesema nini tangu #2? 😄

#27 Mtoto wa Chake

Haimalizwi kwa sababu katikati hoteli imempigia simu. #3.

#28 Wakili Mtaani

Bara kuna Mfuko wa Utamaduni na Sanaa unaokopesha wasanii. Mkopo wa namna hiyo kwa kumalizia kazi iliyokwisha kupigwa ungesaidia kuliko semina.

#29 Ngosha wa Igoma

Mkopo unaulipaje na watazamaji wa YouTube? Nyie bado hamjanijibu idadi ya watu. Na aliyetaja Asaba aelewe kwamba nyuma ya Asaba kuna taifa la watu zaidi ya milioni mia mbili.

#30 Naija Fan

Na nyuma ya Unguja kuna Waswahili wangapi, Ngosha? Tanzania, Kenya, Kongo ya mashariki, Burundi, Maskati ya #25. Bodaboda wa Bunia anaelewa filamu ya Unguja bila mkalimani.

#31 Bint Jang'ombe

Huyo wa Bunia ataelewa kama tukisema tunavyosema kwetu. Tukisema Kidar ana filamu za Dar tayari.

#32 Barazani Tu

Tuache nadharia. Nina skripti fupi, onesho kubwa ni la mashua kupwelewa, maji yametoka imebaki mchangani, Mtoni alfajiri. Mashua ninayo ya mjomba. Natafuta mtu wa sauti na mwigizaji wa kike. Pesa ni kidogo, ila naandikiana mkataba kabla.

#33 Fundi Maiki

Mashua kupwelewa alfajiri? Umeangalia mwezi? Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu na maji yakijaa na kupwa sana, maji hapo Unguja hujaa mida ya saa kumi alfajiri na kupwa kabisa saa nne asubuhi, jua limeshapanda. Ukitaka maji yamekupwa na jua linachomoza, tafuta siku za maji mafu, na hapo maji hayatoki mbali. Utalazimika kuchagua kimoja. Nitumie skripti, tuongee.

#34 Mzee wa Vuga

Fundi umesema kweli kuhusu maji. Lakini Mtoni iko magharibi, baharini jua linazama, halichomozi, na mtazamaji wa Unguja analijua hilo. Nenda upande wa mashariki, Chwaka au Uroa. Huko jua linachomoza baharini.

#35 Bint Jang'ombe

Chwaka nina shangazi, watu watalala kwake. Barazani Tu, nitumie hiyo skripti na mimi. Na mkataba utaje sehemu ya pili itatoka lini, kwa ajili ya mama wa Maskati.

#36 Ngosha wa Igoma

Kwa hiyo 1,889,773 mmeipita hivi hivi?